Hospitali Hufunguliwa Mara Moja, Hutunzwa Kila Siku



Ndugu msomaji, kufungua hospitali ni shughuli ya asubuhi moja. Mahema hupigwa, viti hupangwa, Qur'ani husomwa, na wageni wa heshima hukata utepe. Watu wakala halua na kunywa kahawa, kisha picha zikapigwa mbele ya jiwe lililochongwa majina ya waliochanga. Hiyo ni siku ya furaha, na ni haki yetu kuifurahia. Lakini siku ya pili yake hakuna mgeni wa heshima. Kuna mama aliyefika kwa matatu ya alfajiri akiwa amembeba mtoto mwenye homa. Kuna mzee anayehitaji dawa ya sukari ya mwezi mzima. Kuna muuguzi mmoja na wagonjwa ishirini. Kuna mashuka yanayochafuka, glavu zinazokwisha na jenereta inayotaka dizeli. Tangu hapo hospitali haihitaji tena utepe. Yahitaji watu watakaorudi.

Juu ya watu hao ndio nataka tuzungumze wiki hii: jumuiya za hisani na wale wanaojitolea, ambao kazi yao huanza pale sherehe inapokwisha.

Kazi hii si ngeni katika Uislamu, wala haikuwa ya wanaume peke yao. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Muadh (R.A.) alijeruhiwa kwa mshale. Mtume wetu (S.A.W.) aliamuru apelekwe katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Hema lenyewe lilikuwa msikitini, na Mtume alitaka Sa'd awe karibu ili aweze kumzuru. Wapokezi wa sira wametuhifadhia jambo moja kuhusu bibi huyu, nalo ni kwamba alijitolea kuwahudumia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia, akitaraji thawabu kwa Mwenyezi Mungu. Tafakari, dada yangu. Majeruhi wenye jamaa walikuwa na pa kwenda. Rufaida alilipiga hema lake kwa ajili ya yule asiye na mtu.

Mfano wa zama zetu ninaouona kuwa na mafunzo mengi uko mjini Lahore, nchini Pakistan. Mwaka 1985 Bi Shaukat Khanum aliaga dunia kwa maradhi ya saratani. Mwanawe, Imran Khan, ambaye wakati huo alijulikana kwa mchezo wa kriketi tu, aliona jinsi ugonjwa ule ulivyoitaabisha familia yenye uwezo, akajiuliza hali ya maskini ikoje. Akaazimia kujenga hospitali ya saratani ambayo itamtibu hata asiye na kitu. Amesimulia mara nyingi kwamba madaktari aliowataka ushauri walimwambia jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa tiba ya saratani ni ghali mno, na kuitoa bure ni kuifilisi hospitali kabla haijasimama.

Mwaka 1992, akiwa nahodha, aliiongoza timu ya Pakistan kutwaa Kombe la Dunia la kriketi mjini Melbourne, Australia. Umaarufu ule akaugeuza kuwa bakuli la kuombea. Alizunguka mji baada ya mji. Wanafunzi wa shule walichangisha majumbani, wenye maduka walitoa walichokuwa nacho, na wanawake walivua dhahabu zao. Tarehe 29 Desemba 1994 hospitali ilifunguliwa, ikapewa jina la mama yake.

Wengi huimalizia hadithi hiyo hapo. Mimi naona kwamba ndipo inapoanza. Mnamo Aprili 1996, hata miaka miwili haijatimia, bomu lililipuka ndani ya hospitali ile, likaua watu na kuharibu sehemu ya jengo. Waliochanga wangeweza kusema: tumetoa, na Mungu ametaka vingine. Hawakusema hivyo. Palitengenezwa, kazi ikaendelea, na tarehe kama ile ile, 29 Desemba 2015, hospitali ya pili ikafunguliwa mjini Peshawar. Hospitali yenyewe hueleza kwamba takriban robo tatu ya wagonjwa wake husaidiwa gharama za matibabu.

Je, huwezekanaje hayo mwaka baada ya mwaka? Siri yake ni mifereji mingi midogo isiyokauka. Watu hupeleka huko zaka zao. Sikukuu ya Idi ya kuchinja inapofika, hukusanywa ngozi za wanyama waliochinjwa, zikauzwa na fedha zake zikaingia katika matibabu. Ngozi ambayo kwetu mara nyingi hutupwa au huachiwa aliyechinja, kule huwa dawa ya mtu. Hospitali pia ina maabara na vituo vya kupokea vipimo katika miji mingine, na mapato yake huirudia hospitali. Mwenye uwezo hulipa, asiye na uwezo hulipiwa, na kanuni yao ni kwamba wote wawili watibiwe kwa namna moja.

Wala sitaki kuipamba hadithi hii. Hospitali ile haimpokei kila anayebisha hodi. Mgonjwa hutazamwa kwanza katika kliniki ya uchunguzi, na nafasi hupewa zaidi wale ambao ugonjwa wao bado una matumaini ya kutibika. Ni uamuzi mchungu, na bila shaka wako wanaorudi nyumbani wakilia. Hisani haiondoi mipaka. Ila wenzetu wameichora mipaka yao waziwazi, wakajua wanaahidi nini, na walichoahidi wakakitekeleza.

Sasa turudi kwetu Pwani.

Kila nikisikia watu wakisema kwamba sisi hatuna utaratibu wa kujitolea, huwakumbusha hitima na arusi zetu. Mtu akifariki baada ya swala ya asubuhi, kabla ya adhuhuri wanawake wa mtaa wamekwisha kusanyika. Yuko anayechambua mchele, yuko anayekata vitunguu, yuko anayepokea wageni, na yuko anayeshika daftari la waliotoa. Watu mia nne watakula pilau, na hakuna aliyeandikiwa barua ya kazi wala kulipwa ujira. Umma wenye uwezo huo haukosi utaratibu. Tunachokosa ni mazoea ya kuupeleka utaratibu huo kwa aliye hai bado, aliyelala kitandani, akisubiri.

Basi jumuiya ya hisani ikitaka kuisaidia hospitali mpya, ianze na swali moja: ninyi mnapungukiwa na nini? Aghalabu sisi hutoa tunachopenda kutoa. Mfadhili hupenda mashine, kwa kuwa mashine hubandikwa kibao chenye jina. Lakini mashine ya kupima damu bila dawa za kupimia ni kabati la chuma tu. Hospitali changa huchoshwa na vitu vidogo vya kila siku: glavu, pamba, sabuni, oksijeni, umeme, mafuta ya jenereta, mshahara wa mwenye kufua mashuka. Vitu hivi havina utepe wa kukatwa. Anayevitoa hajulikani na mtu, na huenda hiyo ndiyo heri yake kubwa.

Jambo la pili ni bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kila familia yatakiwa ijisajili, na wasio na ajira rasmi hukadiriwa mchango wao kulingana na hali yao, kisha hulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Mjane anayeuza viazi vya karai atazipata wapi shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja? Lakini chama cha kina mama kumi na wawili, kila mmoja akitoa shilingi 300 mara moja tu, kimekwisha mlipia mjane huyo mwaka wake. Na msichana wetu aliyemaliza kidato cha nne, ambaye simu haimtoki mkononi, anaweza kukaa mlangoni pa hospitali asubuhi mbili kwa wiki akiwasajili wazee wasiojua kubonyeza. Huo ni msaada ambao daktari bingwa hawezi kuutoa, kwa kuwa hana nafasi.

La tatu ni damu. Hospitali yenye wodi ya kujifungulia haiwezi kukaa bila damu, kwa maana mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa hangoji jamaa zake wapigiwe simu. Wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa katika nchi yetu. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Jumuiya yenye orodha ya watu wazima walio tayari, wanaume kwa wanawake, pamoja na namba zao na aina za damu zao, ni hazina. Na katika mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, uwanja wa msikiti waweza kuwa mahali pazuri pa kuchangia kwa mpango maalumu na wahusika wa huduma ya damu.

La nne ni uwepo wenyewe. Wagonjwa huja Mombasa kutoka Lamu, Tana River, Kwale na Kilifi, na wengine hawana hata mtu mmoja mjini. Mgonjwa kama huyo huhitaji mtu wa kumnyoshea shuka, kumpigia simu nyumbani, kumsomea karatasi ya daktari, kumtafsiria. Mwanamke huhitaji leso ya kujistiri anapopita ukumbini. Anayetaka kuswali huhitaji kuonyeshwa kibla, kuletewa maji ya udhu au udongo wa kutayamamia, na kukumbushwa kwamba dini imemruhusu kuswali akiwa amekaa au amelala. Katika hadithi Qudsi iliyopokewa na Imam Muslim, tumefundishwa kwamba anayemzuru mgonjwa atamkuta Mola wake kwake. Ni nani kati yetu anayeujua utukufu huo, kisha akasema hana nafasi?

Na huduma hii isibague. Kitanda cha kwanza atalala Mswahili, cha pili Mgiriama, cha tatu Mtaita au Mkamba. Surat Al-Insan, aya ya 8 na ya 9, inawasifu wanaowalisha maskini, yatima na mateka bila kutaka kwao malipo wala shukrani. Mateka wa zama zile hakuwa ndugu wa imani, na bado alilishwa.

Hapa nitakiri kosa langu, lipate kuwa faida kwa mwingine. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimuuguza shangazi yangu katika hospitali ambayo sitaitaja. Kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja kutoka upande wa Mto Tana, peke yake, hana wa kumletea chochote. Alfajiri moja niliingia na chupa ya uji. Nikammiminia kikombe. Alisita, nami nikamsihi kama tulivyozoea kumsihi mgeni, akanywa ili asinivunje moyo. Saa mbili walikuja kumchukua kwenda chumba cha upasuaji. Muuguzi akamwuliza kama alikuwa ametia kitu mdomoni tangu usiku. Yule mama hakusema uongo. Upasuaji ukaahirishwa, na nafasi nyingine ikapatikana baada ya siku tano.

Siku tano za maumivu, na za kuwa mbali na wanawe. Nilimwendea kumwomba radhi, machozi yakinitoka. Akanishika mkono, akaniambia, "Usilie, mwanangu. Uji wenyewe ulikuwa mtamu." Alicheka, mimi sikuweza kucheka. Hata leo, nikimimina uji, humkumbuka.

Tangu siku ile nimeamini kwamba nia njema bila utaratibu yaweza kumdhuru yule tunayempenda. Ndiyo maana nasema jumuiya isiwatume watu wodini kiholela. Kwanza kuwe na makubaliano ya maandishi na wakuu wa hospitali: nani ataingia, siku gani, saa ngapi, na atafanya nini. Wanaojitolea wavae kitambulisho, na wawe chini ya mtu mmoja mwenye kujibu maswali. Wafundishwe kunawa mikono kabla na baada ya kila kitanda, na mwenye mafua abaki nyumbani. Chakula kisitolewe kabla ya kumwuliza muuguzi. Dawa zisiguswe. Ushauri wa miti shamba uachwe mlangoni pamoja na viatu vya matope.

Na juu ya yote kuna siri. Mtaa wetu ni mdogo. Neno lililotoka wodini asubuhi hufika jikoni kwa watu kabla ya magharibi. Msichana aliyelazwa kwa jambo asilotaka lijulikane, mume aliyegunduliwa maradhi ambayo hajamwambia mkewe, hao wote wameweka heshima yao mikononi mwetu bila kutuchagua. Anayeshindwa kuufunga mdomo wake na asaidie kufua mashuka, thawabu zake ziko kamili. Asiingie wodini.

Amana ya pili ni ya fedha. Zaka ina wenyewe, na mafungu yake manane yametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Wanazuoni wengi wameona kwamba zaka yapaswa kumfikia mwenye kustahiki, si kugeuzwa matofali. Kwa hiyo jumuiya iweke hesabu mbili mbalimbali: zaka kwa ajili ya bili na dawa za maskini, na sadaka ya kawaida kwa ajili ya vifaa na majengo. Mwenye shaka amwulize sheikh wake kabla ya kutoa. Kisha hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, hata kama ni za shilingi elfu ishirini. Mwenye kuchanga akijua shilingi yake imekwenda wapi, mwaka ujao hasubiri kuombwa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililozifanya hospitali za Kiislamu za kale zidumu. Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo, ikakamilika karibu na mwaka 1285. Inasimuliwa kwamba alipata kuugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nuruddin ya mji ule, akaweka nadhiri. Hakujenga kuta peke yake. Aliiwekea wakfu wa mali ambayo mapato yake yaligharimia waganga, dawa na chakula, ikawatibu matajiri na mafukara, wanaume na wanawake. Na mjini Istanbul, mwaka 1845, Bezmialem, mama wa Sultani Abdulmecid, alifungua hospitali ya mafukara na wasio na kwao, naye akaiwekea wakfu. Yeye amefariki zamani. Jina lake liko hadi leo katika chuo kikuu cha tiba mjini humo.

Sisi si masultani. Lakini Pwani yetu inaujua wakfu vizuri. Misikiti mingi na makaburi yetu yamesimama juu ya wakfu wa bibi na babu ambao hata sura zao hatuzijui, na Tume ya Wakfu ina ofisi zake papa hapa Mombasa. Duka moja la kupangisha, au hata minazi kumi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya wagonjwa maskini, kodi yake au nazi zake zitaendelea kuwatibu watu wakati mwenyewe yumo kaburini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na ya kwanza katika hizo ni sadaka yenye kuendelea.

Ndugu yangu, dada yangu, labda karibu nawe pana hospitali, zahanati au wodi mpya iliyofunguliwa mwaka huu. Usingoje kualikwa katika sherehe nyingine. Ijumaa hii, baada ya swala, keti na wenzako watano. Mtumeni mmoja wenu akamwulize mkuu wa wauguzi: mnapungukiwa na nini? Chagueni jambo moja tu katika atakayoyataja, dogo, mnaloweza kulifanya kila wiki kwa mwaka mzima bila kukatiza. Mwaka ukiisha, ongezeni la pili.

Yule mama wa Mto Tana alipona, alhamdulillahi, akarudi kwao. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akaniombea dua ndefu kwa lugha yao, nami nikaitikia amin bila kuelewa neno. Sikujua aliniombea nini. Ninachojua ni kwamba kitanda chake hakikukaa kitupu hata usiku mmoja.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, wape nguvu wauguzi na waganga wetu, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudi siku ya pili. Amin.

Wabillahi tawfiq.